Mitupo Isiyohesabiwa

Kabanga ni mji wa kusubiri. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura hufika hapa, wilayani Ngara, yakasimama mpaka karatasi zikamilike, ndipo yavuke kwenda Kobero upande wa Burundi. Na watu wanaosubiri hubishana. Mara nyingi ni Simba na Yanga. Lakini ng'ambo ya mpaka mpira wa kikapu una wapenzi wengi, na ubishi wao huvuka bila kugongewa muhuri. Nani mkali zaidi, Michael Jordan au LeBron James? Na wale wazee kabisa, Bill Russell na Wilt Chamberlain, wangefua dafu mbele ya vijana wa leo?

Ubishi wa namna hii siku hizi huishia kwenye simu. Mmoja anaitoa mfukoni, anasoma takwimu kwa sauti, wenzake wananyamaza. Takwimu ndiyo hakimu. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia, na nimefundishwa kumuuliza hakimu wa aina hii swali moja kabla sijamkubali: nani alihesabu, na alianza kuhesabu lini?

Chukua suala la kuzuia mitupo. Orodha rasmi ya NBA inaongozwa na Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, aliyezuia mitupo 3,830. Wa pili ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, mitupo 3,289. Sisi Waafrika tunaipenda orodha hii, na tuna haki ya kuipenda. Ila ligi ilianza kuhesabu rasmi mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973/74. Russell alistaafu mwaka 1969. Chamberlain alicheza mechi yake ya mwisho ya NBA mwaka 1973, miezi michache tu kabla ya kalamu kuanza kazi. Watu wawili waliotisha kuliko wote chini ya goli katika zama zao hawana hata mtupo mmoja kwenye orodha hiyo. Kareem Abdul-Jabbar, wa tatu kwa mitupo 3,189, misimu yake minne ya kwanza haimo. Ukiiamini simu peke yake, utadhani Russell hakuwahi kuinua mkono.

Lakini Russell huyohuyo alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 akiwa na Boston Celtics, kati ya 1957 na 1969, na sifa yake kubwa haikuwa kufunga. Ilikuwa kuzuia. Tunajua kazi ile ilifanyika kwa sababu tunaona matokeo yake, kama unavyojua mvua ilinyesha usiku kwa kuona matope asubuhi. Kukosekana kwa hesabu si ushahidi wa kukosekana kwa tendo.

Sasa tazama upande wa pili. Tarehe 2 Machi 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza miezi mitatu ya uhuru, na Burundi ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji, Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja. Ilikuwa katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, na timu yake, Philadelphia Warriors, iliwashinda New York Knicks 169 kwa 147. Watazamaji waliorekodiwa ni 4,124. Hakuna picha za video. Kilichobaki ni karatasi ya takwimu, sauti ya utangazaji wa redio wa robo ya mwisho, na picha maarufu ya Chamberlain ameshika kipande cha karatasi kilichoandikwa 100. Hata hivyo dunia imeikubali, kwa sababu pembeni ya uwanja alikuwepo mtu mwenye kalamu.

Hapo ndipo ubishi wa vijiweni unapogusa jambo linalonihusu. Mwaka 1979, huko Ndola, Peter Tino aliifungia Taifa Stars bao la kusawazisha dhidi ya Zambia, na sare ile ya 1-1 ikaipeleka Tanzania kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 mjini Lagos. Tulifungwa na Nigeria na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast, kisha tukasubiri miaka 39 kurudi kwenye mashindano hayo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo kizazi kizima, na hasa watu wa huku pembezoni, kiliijua timu ile kwa masikio. Mzee anaposema wale walikuwa moto kuliko hawa wa sasa, kijana humjibu, "Mzee wangu, tuletee video." Video hana. Ana redio iliyokwisha kuzimika. Je, tuseme hana ushahidi?

Simaanishi kwamba kila kumbukumbu ni ya kweli. Baada ya usiku wa Hershey, Chamberlain alizoea kukutana na watu walioapa kwamba walikuwepo, wengine wakidai ilichezwa New York. Kumbukumbu hupenda kujisogeza karibu na utukufu. Na namba za zamani nazo zina mitego yake. Wastani wa Chamberlain msimu ule ulikuwa pointi 50.4 kwa mechi, lakini ligi ilikuwa na timu tisa tu, leo ziko 30, na mstari wa pointi tatu ulikuja msimu wa 1979/80. Mzee na simu wote ni mashahidi, na shahidi huhojiwa: ulikuwa wapi, uliona nini, nani alikuambia?

Hata pale kila kitu kinapohesabiwa, hesabu haimalizi maneno. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Wastani wake NBA ukaishia pointi 2.2 kwa mechi, na watu wanamcheka kwa namba hiyo. Namba ni ya kweli. Hakuna atakayemweka meza moja na Russell. Lakini namba hiyohiyo haisemi kwamba alianza kuushika mpira wa kikapu akiwa tayari kijana wa miaka kama 15, wala kwamba kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kufika pale.

Ngara yenyewe inajua uzito wa kuhesabiwa nusu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takribani siku moja, na kambi ya Benaco ikawa gumzo la dunia. Namba hiyo imo katika kila kitabu kinachosimulia mwaka ule. Watu walihesabiwa ili wapate mahindi, mafuta na turubai. Nani kati yao alikuwa na mkono wa kutupa mpira, nani alikuwa kipa wa kijiji chake, hapakuwa na safu ya kuandika hilo.

Historia ya sehemu kama zetu imejaa Russell wa namna hiyo: kazi ilifanyika, matokeo yapo, mtupo haukuandikwa. Wengi wa waliosikiliza Ndola kwa redio sasa wamepita miaka sitini. Anayebishana nao afanye kazi ndogo zaidi ya kutaka video. Aulize redio ilikuwa ya nani, walikaa wangapi kuizunguka, na mtangazaji alisema nini Tino alipofunga. Kisha, kwa kuwa simu tayari iko mkononi, abonyeze kitufe cha kurekodi.