Mlaleo au Nyali? Ukweli wa Nafsi Mtandaoni na Hofu ya Kupimwa na Watu

Kijana wa Mlaleo, Mombasa, aliyepiga picha mbele ya maduka ya Nyali na kuandika "Nyali" chini yake hajadanganya. Hapo ndipo alipopigia. Tatizo huanza anapoulizwa kama ndiko kwao, akajibu ndiyo. Hadi Nyali ilipopata mbunge wake wa kwanza mwaka 2013, kote huko kulikuwa jimbo moja la Kisauni. Leo jina la Nyali hufungua milango, la Mlaleo huzua maswali kuhusu magenge. Likoni nayo haijaachiliwa na kumbukumbu ya ghasia za Agosti 1997.

Ndiyo maana sikubali kwa jumla ushauri wanaopewa vijana siku hizi, kwamba wajioneshe walivyo. Msingi upo: mwaka 2020 mtafiti Erica Bailey na wenzake walichambua watumiaji 10,560 wa Facebook, wakaona kwamba wale ambao taswira yao mtandaoni ililingana na walivyojieleza wenyewe waliridhika zaidi na maisha. Matokeo hayo nayaheshimu. Ninachokipinga ni kuyageuza kuwa amri ya kujianika.

Wanasaikolojia Barry Schlenker na Mark Leary walieleza mwaka 1982 kwamba wasiwasi wa kijamii huzuka pale mtu anapotaka sana kuonekana kwa namna fulani, huku akitilia shaka kama ataweza. Tukiwafuata, kinachotia hofu ni dai lisilo na uhakika, wala si kule kusitiri. Asiyetaja kwao hana cha kulinda. Aliyesema kwao ni Nyali ana kazi kila siku: rafiki akimwambia "jioni nitakupitia kwenu", itabidi atunge safari ya ghafla.

Na hadhira yenyewe imechanganyika. Stetasi moja ya WhatsApp huonwa na shangazi wa Chaani, ustadhi wa madrasa, msimamizi wa kazi bandarini na waliosoma naye Likoni, wote kwa mkupuo. Watafiti Alice Marwick na danah boyd waliandika kuhusu jambo hili mwaka 2011. Pwani tunalijua kwa upande wake wa pili: maneno ya barazani hayapelekwi mbele ya mkwe, na hakuna anayemwita mtu mnafiki kwa hilo. Kumfichia shangazi stetasi ni adabu ileile, na mtaalamu asiharakishe kuiita dalili ya ugonjwa.

Lakini kusitiri nako kuna mahali kunapoharibika. Kijana huweka picha, hufungua orodha ya waliotazama, humtafuta mtu mmoja, huifunga, huirudia, kisha huifuta picha kabla ya magharibi. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza mwaka 1995 kwamba vitendo vya kujikinga vya namna hii huilisha hofu, kwa kuwa mwenye kuogopa hapati nafasi ya kujua kwamba aibu aliyoitarajia huenda isingetokea. Picha iliyofutwa haikumfundisha chochote.

Kwa hiyo mshauri nasaha anayempokea kijana huyu Kisauni au Changamwe asianze kwa kumuuliza kama anajionesha alivyo. Amuulize kwanza: ulipomfichia shangazi ile picha, uliiweka simu chini ukaendelea na shughuli zako, au uliendelea kuchungulia nani ameona?