Walioandika Nje ya Picha

Titye ni kata ya Kasulu, katika nyanda za juu za Uha. Kwa watu wa pwani jina hilo ni geni, lakini Ujiji, ulioko chini yake ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wanaujua: ndiko ilikokoma njia ya misafara iliyotoka mrima. Burton na Speke waliufikia mwaka 1858. Miaka kumi na kitu baadaye Livingstone, akiwa Manyema ng'ambo ya ziwa, alimweleza katika shajara yake mnyama aliyemwita soko. Naye ni sokwe-mtu.

Kamera ilichelewa. Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, mwezi Julai 1960, na kwa miezi mingi sokwe walimkimbia. Mwaka 1961 mdogo wake Judy alikuja kupiga picha, mvua zikamzuia. Mwaka uliofuata akaja Hugo van Lawick, Mholanzi aliyetumwa na jarida la National Geographic. Picha zilizotoka humo Agosti 1963 zilimtambulisha kwa ulimwengu sokwe aliyepewa jina la David Greybeard.

Ili wanyama wasogee, waliwekewa ndizi. Ndizi zikaleta picha, zikaleta na ugomvi, kwani ziliwakusanya pahali pamoja kuliko ilivyo ada yao.

Waama, picha ina mipaka yake. Rashidi Kikwale, aliyemwongoza mgeni katika mabonde yale siku za mwanzo, si wengi wamjuao. Wala si wengi wamjuao Hilali Matama, ambaye Januari 1974 aliwashuhudia sokwe wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi wa kundi la Kahama. Huo ulikuwa mwanzo wa vita vilivyoendelea hadi 1978, na habari yake iliwashitua wataalamu waliodhani ukatili wa namna hiyo ni wa binadamu peke yake.

Mei 1975 watu wenye silaha kutoka Zaire waliwateka vijana wanne wa kigeni waliokuwa Gombe. Vijana hao waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni waliondoka. Kazi haikufa. Watanzania waliokuwapo waliendelea kuwafuata sokwe tangu alfajiri hadi walalapo, wakiandika nani kala nini, nani kazaa, nani kampiga nani. Nao waliandika kwa Kiswahili.

Leo msafiri mwenye begi mgongoni hupanda mashua Kigoma, akaifikia Gombe, iliyo hifadhi ya taifa tangu 1968, akapiga picha zake na kurudi. Hana kosa. Lakini sisi tunaokipenda Kiswahili na kukitafuta katika tenzi na mashairi, yafaa tujue kwamba vizazi kadhaa vya sokwe, kuzaliwa kwao na kufa kwao, vimehifadhiwa katika lugha yetu kwa mikono ya watu wa Kigoma. Hiyo nayo ni tarikhi, na inastahili wasomaji.