Debe la Saba: Historia ya Gunia Lisiloandikwa

Sisi tunaofundisha historia ya uchumi wa Afrika Mashariki tumeandika mengi juu ya mazao na machache mno juu ya vitu vilivyoyabeba. Tunajua nani alipalilia mkonge, nani alichuma karafuu, nani alikopesha na nani alikopeshwa. Debe na gunia tumeviacha pembeni, kana kwamba havikutengenezwa na mtu wala havikumnufaisha mtu. Nimerudi kuvitazama kwa sababu mwaka huu niliombwa kuwa msimamizi wa pili wa mradi wa mwanafunzi wa usanifu wa michoro, aliyeamua kubuni na kuchapa gunia la viazi mviringo. Wenzake walibuni paketi za chai, chupa za asali na maboksi ya manukato. Yeye alichagua kifungashio ambacho hakuna anayekiona kuwa kifungashio.

Nianze na debe, maana mradi wake ulianzia hapo. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, kampuni za Marekani, na baadaye wafanyabiashara waliopakia katika bandari ya Batumi kwenye Bahari Nyeusi, walisafirisha mafuta ya taa katika makopo ya bati yenye umbo la mraba, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Kila kopo lilichukua galoni 5 za Kimarekani, yaani takriban lita 19. Mafuta yalipokwisha, kopo halikutupwa. Lilichotea maji, lilipikia pombe, lilikatwa na kunyooshwa likawa paa na mlango, na juu ya yote lilipimia nafaka. Jina lake lilitoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara waliolisambaza.

Mwambao ulikuwa na vipimo vyake kabla ya hapo: kibaba, kisaga chenye vibaba viwili, pishi yenye vibaba vinne. Debe lilipenya masokoni bila kuhitaji amri, kwa sababu lilitoka kiwandani na kwa hiyo lilikuwa lilelile Lamu na lilelile Tabora, jambo ambalo pishi ya kuchonga kwa mkono haikuweza kuliahidi. Hivyo ndivyo kiwango kilichowekwa ng'ambo kwa ajili ya mafuta ya watu wengine kilivyogeuka kuwa kiwango cha mahindi yetu. (Siasa yetu nayo ililikopa: leo mgombea hana haja ya bati lolote, lakini wapiga debe anao.)

Gunia nalo ni mgeni wa Bahari ya Hindi, kwa jina na kwa kitambaa. Lilifumwa kwa nyuzi za juti kutoka Bengali. Hapa pana kinaya ambacho wanafunzi wangu hukipokea kwa kicheko kwanza, kisha kwa kimya. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge katika koloni la Wajerumani. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Miaka 70 baadaye Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo ilikwenda kuwa kamba za kufungia matita ya ngano na majani katika mashamba ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, huku kahawa ya Kilimanjaro na Bukoba ikisafiri ndani ya magunia ya nyuzi za nchi nyingine. Baada ya uhuru serikali iliona pengo hilo na kujenga kiwanda cha magunia ya mkonge Moshi. Kisha ikaja mifuko ya plastiki iliyofumwa, myepesi na ya bei ndogo, na mkonge ukashindwa katika soko la nyumbani kama ulivyokwisha kushindwa katika soko la kamba.

Lakini kilichomsumbua mwanafunzi wangu ni maandishi zaidi ya nyuzi. Gunia la kahawa liendalo Hamburg limeandikwa nchi lilikotoka, uzito na namba ya shehena, kwa kuwa mnunuzi wa huko hawezi kulipokea bila hayo. Gunia la viazi litokalo Uporoto kwenda Dar es Salaam halina neno lolote juu ya kilichomo. Au lina maneno ya mtu mwingine: lilikuwa la sukari, la mbolea, la unga wa ngano, na chapa ya zamani bado inang'aa ubavuni. Kwa hiyo mzigo wa raia husafiri kilomita zaidi ya 800 katika nchi yake mwenyewe ukiwa bubu.

Si kweli kwamba watu wa huku hawakupata kamwe kuwaamuru wachapaji. Kanga ni ushahidi. Kwa miongo mingi ilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, lakini mchapaji aliyekuwa maelfu ya kilomita alifuata matakwa ya wanawake wa mwambao, kwa rangi, kwa pindo na kwa maneno. Duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, lililoanza mwaka 1887, lilijulikana kwa alama ya «Mali ya Abdulla». Na yale majina ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini, kadiri wasomaji walivyobadilika. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha jinsi ladha ya wanunuzi wa Afrika Mashariki ilivyoelekeza uzalishaji hadi Salem na Bombay. Mwanamke wa mwambao alikuwa mnunuzi, naye mnunuzi ana uwezo wa kukataa. Mkulima wa viazi ni muuzaji wa kitu kinachooza.

Hapo ndipo lumbesa inapoingia. Gunia la kawaida, kwa hesabu ya sokoni, ni debe sita. Lumbesa ni debe saba, nane au zaidi: mdomo wa gunia unaongezwa kipande cha gunia jingine au kusukwa wavu wa kamba, na viazi vinajengwa juu yake kama kichuguu. Wakulima wa Kenya huliita mukorino, kwa kulifananisha na kilemba cha waumini wa Akorino. Bei inabaki ya gunia moja. Hesabu yake haihitaji chuo: kwa debe moja tu la ziada, mkulima anayeuza magunia sita ametoa la saba bure. Ushuru unapotozwa kwa idadi ya magunia, halmashauri nayo inapunjwa. Na yuko mtu wa tatu ambaye mijadala yetu humsahau, mpagazi. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa kiwango cha juu cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima. Gunia halali la debe sita tayari limepita hapo kwa mbali, na lumbesa inawekwa juu ya mgongo uleule.

Sheria ipo. Tanzania inakataza lumbesa kupitia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake. Kenya ilitunga Kanuni za Viazi za mwaka 2019 zilizoweka kifungashio cha kilo 50. Lumbesa bado inapita barabarani mchana kweupe.

Mwanafunzi wangu alichapa kwanza gunia lenye onyo kwa herufi kubwa nyekundu. Lilikuwa zuri ukutani. Kijijini lilisomwa kama mabango ya kampeni yanavyosomwa. Toleo la pili lilikuwa na akili zaidi: mistari sita ya mlalo ubavuni, debe la kwanza hadi la sita, na juu ya mstari wa sita utepe mweusi wenye maneno mawili, SHONA HAPA. Kazi ya uchapaji ilimfundisha mengi kuliko darasa. Wino wa skrini hukwanguka juu ya plastiki iliyofumwa usipochaguliwa vizuri. Mstari ulionyooka juu ya meza hugeuka upinde gunia likijaa. Viazi vikubwa huacha nafasi nyingi katikati kuliko vidogo, na hivyo mstari uleule hautoi kilo zilezile. Alipima, akapanga upya, akakiri katika ripoti yake kwamba mistari haiwezi kuchukua nafasi ya mizani. Naliheshimu sana hilo, kwa maana wasanifu wengi hudhani mchoro mzuri unamaliza tatizo.

Ukurasa ninaotamani watumishi wa umma wausome ni ule unaoeleza kwa nini gunia hilo halikutumiwa. Wakulima walilipenda. Walimwambia tu kwamba magunia si yao: anayekuja nayo ni mnunuzi, au dalali wake, yakiwa yamekwisha kushonewa kipande cha juu. Mkulima hujaziwa gunia la mwenziwe katika shamba lake. Kampeni nyingi dhidi ya lumbesa zimemtaka mkulima akatae, na faini mara nyingi humwangukia anayekutwa na mzigo. Aliyeshona kile kipande hayumo katika picha.

Nikawakumbusha wanafunzi jambo moja kutoka historia ya uchapaji. Kwa miaka mingi, chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, dola ilitaka ijue nani amechapa gazeti na nani amelitoa, hata lile la kurasa nne. Serikali ya kikoloni kabla yake ilikuwa na hamu hiyohiyo. Karatasi yenye maneno ilihesabiwa kuwa hatari kiasi cha kudai jina la mwenyewe. Gunia linalohamisha jasho la wilaya nzima halikudaiwa jina la mtu.

Katika toleo la tatu, alilolitetea mbele ya jopo, aliongeza kisanduku kidogo karibu na mshono wa chini: nafasi ya jina la kiwanda kilicholifuma gunia na namba ya leseni ya mnunuzi aliyelipeleka shambani. Mistari ya debe aliiacha, ila aliipunguza hadi mitatu na gunia lenyewe akalifanya dogo, la kilo 50, kwa ajili ya mpagazi. Ofisa mmoja aliyealikwa aliuliza kama kanuni zetu zinaruhusu kumlazimisha mnunuzi aandike namba yake juu ya gunia. Swali hilo lilijibiwa kwa haraka na mjumbe mwingine kuwa ni gumu. Nimezipitia kanuni baada ya hapo, na sijaona kifungu kinachokataza.