Jirani ana haki gani ukiuza nyumba?

Swali hili mnaniuliza sana.

Madina, Abu Rafi', mtumwa aliyeachwa huru na Mtume (s.a.w.), alikuwa na vyumba viwili ndani ya nyumba ya Sa'd bin Abi Waqqas. Akamtaka Sa'd avinunue. Sa'd akaapa hazidishi dirhamu 4,000, kama dinari 400, tena kwa mafungu. Na Abu Rafi' alikwishapata mtu wa dinari 500 taslimu! Ila alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, akamwachia Sa'd. Kaipokea Bukhari.

Hapo maimamu wakatofautiana. Abu Hanifa alimpa jirani haki ya shuf'a. Imam Shafi'i, tunayemfuata wengi wetu wa pwani, aliiweka kwa mshirika tu, kwa Hadithi ya Jabir: mipaka ikishawekwa na njia zikatengwa, hakuna shuf'a. Kwa hiyo jirani wa ukutani hakuzuii, ingawa kumwarifu ni adabu.

Lakini nyumba ya mirathi isiyogawanywa (ndizo kesi ninazoletewa msikitini), ukimuuzia mgeni fungu lako, nduguyo ana haki kulichukua kwa bei ileile. Mwambie kabla hujapokea pesa. Naye akishajua, akanyamaza bila udhuru, haki imempita.