Mafuta Yamekaa Wapi

Bibi yangu wa Dole, Unguja, alikuwa na namna moja tu ya kuipima karafuu. Aliichukua ikiwa kavu, akaibana ubavuni kwa ukucha wa kidole gumba, akainyanyua kwenye mwanga wa kandili. Ikitoka mafuta huingia kapuni, ikibaki kavu hutupwa ng'ambo ya jamvi. "Msiitazame kichwa," alituambia wajukuu, "mafuta yamekaa mwilini."

Nimefundisha biolojia hapa mjini miaka mingi, na kila nilipofika kwenye somo la seli nilimkumbuka. Alikuwa akiuliza swali ambalo leo wataalamu wa mimea huviuliza vyombo vya kompyuta: kitu hiki, ndani ya mmea, kimekaa wapi?

Msimu wa karafuu, kazi ya usiku ilikuwa kuchambua. Vishada vikishashushwa shamba, wanawake na watoto hukaa chini, kishada kikasuguliwa kwenye kiganja, karafuu zikadondoka huku na makonyo, yaani vijiti vya kishada, kule. Konyo halitupwi. Karafuu kavu ikikamuliwa kwa mvuke hutoa mafuta ya kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Konyo hutoa kama asilimia 5 au 6, na jani 2 au 3. Ndiyo maana Pemba kukawa na kiwanda cha makonyo. Bibi hakuwa na mizani ya kumpa tarakimu hizo, ila mpangilio wake aliujua barabara: karafuu, konyo, jani.

Naamini ujuzi huo ni mkongwe kuliko vitabu vyetu vyote. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Mascarene, ambako Wafaransa walikuwa wameupanda baada ya kuutoa Maluku. Anayetajwa sana ni Saleh bin Haramil, aliyeupanda Mtoni na Kizimbani. Baadaye Seyyid Said aliyachukua mashamba yake. Lakini waliopanda, waliochuma na waliochambua walikuwa watumwa. Vidole vyao ndivyo vya kwanza kisiwani kujua mafuta yalipokaa, na mimi sijaona daftari lililoandika jina la hata mmoja wao. Kimbunga cha Aprili 1872 kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika uongozi. Utumwa ukafutwa kisheria 1897. Bibi alijifunza kuchambua kwa mama yake, na huyo kwa mama yake. Nyuma ya hapo hatukusimuliwa.

Mwaka 1949 vilitoka vitabu viwili: kimoja cha Tidbury juu ya mkarafuu, na kingine cha R. O. Williams juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Cha Williams kilikaa juu ya kabati la baba yangu. Mmea mmoja baada ya mwingine, jina la kisayansi na la Kiswahili, na matumizi yake. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kanzidata kabla ya neno kanzidata.

Kanzidata za leo zinaingia chumba cha ndani zaidi. Seli ya mmea ni kama nyumba kubwa ya Mji Mkongwe: ina ukumbi, ua, ghala na vyumba vya juu, na si kila mtu hupita kila mlango. Kila protini ina mahali pake. Günter Blobel alipata tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba ndani yake alama ya kuielekeza iendako. Mara nyingi ni kipande kifupi cha amino asidi mwanzoni mwa mnyororo. Kwa kuzisoma alama hizo, Kenta Nakai na Minoru Kanehisa wa Japani waliunda PSORT, programu ya kukisia protini inakaa wapi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Programu ya TargetP ikafuata mwaka 2000, mwaka uleule jenomu ya Arabidopsis, gugu dogo la nchi za baridi, iliposomwa kikamilifu. Chuo Kikuu cha Western Australia kikajenga SUBA, kanzidata ya gugu hilo, inayoweka pamoja makisio ya programu na yale yaliyoonwa kweli maabara, kwa protini iliyong'arishwa chini ya hadubini au kwa kuitenga seli sehemu kwa sehemu.

Gugu lile limeandikwa hivyo, na mkarafuu je? Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2022. Protini zake nyingi tunazijua kwa udugu tu: hii inafanana na ile ya gugu, basi huenda inakaa kulekule. Hili linaniuma. Mti uliotulisha karne mbili unajulikana kwa kukisiwa kupitia mmea usiojulikana hapa kwetu.

Hata hivyo safari ya yuginoli, ambayo ndiyo harufu ya karafuu, inafuatika. Inaanzia kwenye plastidi, jamaa ya kloroplasti, panapotengenezwa amino asidi iitwayo fenilalanini. Hiyo hutolewa nje, ikabadilishwa hatua kwa hatua na vimeng'enya, baadhi vikielea kwenye ute wa seli na baadhi vimeshika utando. Kimeng'enya cha mwisho kilitambuliwa mwaka 2006, kwenye mrehani. Niliposoma hilo nilitua kitabu. Rehani na karafuu, mama zetu walizitia pamoja katika manukato yao bila kuambiwa na mtu kwamba harufu zile zina undugu.

Mjukuu wangu anasomea mambo haya. Likizo iliyopita, barazani, aliiingizia TargetP mfuatano wa amino asidi za kimeng'enya kile cha mrehani. Jibu lilikuja upesi: hakina alama ya kloroplasti, wala ya mitokondria, wala ya kutolewa nje. Basi huenda hubaki kwenye ute. Na kwa upande wa karafuu, mafuta hukusanyika kwenye vifuko vidogo vilivyojipanga chini ya ngozi yake.

Nikaenda jikoni nikarudi na karafuu moja, nikamwonyesha pa kubana.