Nyimbo za Wavuvi wa Bretagne

Ni nani kati yetu asiyejua makayabu? Twayaona sokoni, meupe kwa chumvi, makavu kama ubao. Twayaloweka usiku kucha, na kesho yake twayala pamoja na sombe. Lakini ni wachache wanaouliza samaki huyo hutoka bahari gani, na watu waliomvua zamani, kabla ya meli za mashine, walikuwa watu gani. Wafaransa humwita morue. Hukaa katika bahari za baridi, mbali upande wa kaskazini. Kwa muda wa miaka 80 na zaidi, watu wa Bretagne, jimbo la Ufaransa lililo upande wa magharibi, walikwenda kumvua karibu na kisiwa cha Islande, na wengi wao walizama huko. Leo twataka kueleza habari za nyimbo walizoimba na nyimbo walizoimbiwa. Mambo hayo mawili si mamoja, kama tutakavyoona.

Mji wa wavuvi hao ulikuwa Paimpol. Merikebu ya kwanza ya Paimpol ilikwenda Islande mwaka 1852, na za mwisho zilisafiri mwaka 1935. Wakati uvuvi huo ulipositawi sana, katika miaka ya 1890, karibu merikebu 80 zilitoka kila mwaka katika bandari ile ndogo. Zilikuwa merikebu za matanga zenye milingoti miwili, na kila moja ilichukua watu 20 na kitu. Ziliondoka mwezi wa pili, wakati wa baridi kali, zikarudi mwezi wa nane au wa tisa. Kwa muda huo wote mume hakumwona mkewe, wala baba hakumwona mtoto aliyezaliwa nyuma yake.

Na kazi yenyewe ilikuwaje? Usifikiri nyavu. Mvuvi alisimama penye ukingo wa merikebu, akashusha mshipi wenye risasi nzito na ndoana mbili mpaka chini kabisa, akaupandisha na kuushusha, akaupandisha na kuushusha, saa nyingi mfululizo. Wakati wa kiangazi jua la Islande karibu halitui, basi kazi nayo haikutua. Kila mtu alikata ulimi wa samaki aliyemvua na kuuweka, kusudi nahodha ahesabu ndimi na kujua kila mmoja amevua wangapi. Wengine walipasua samaki na kuwapanga katika chumvi. Chumvi iliingia katika vidonda vya mikono, na vidonda havikupona. Alikuwako pia mtoto wa merikebu, kijana mdogo wa kupika na kutumwa huku na huku, naye mara nyingi ndiye aliyepigwa zaidi kuliko wote. Mwaka 1894 Wakatoliki wa Ufaransa walianzisha chama cha Œuvres de Mer, ili kupeleka merikebu za hospitali kwa wavuvi wa Islande na wa Terre-Neuve. Merikebu hizo zilileta mganga, padri, na barua za nyumbani. Merikebu yao ya kwanza ilipotea baharini mwaka 1896, katika safari yake ya kwanza kabisa.

Basi, watu kama hao waliimba nini? Kwanza waliimba kwa ajili ya kazi. Kung'oa nanga, au kupandisha tanga lililolowa maji, si kazi ya mtu mmoja. Yapasa watu kumi wavute kwa pamoja, dakika ileile, na sauti ya kuwaunganisha ni wimbo. Mmoja huanza, wengine huitikia, na mahali pa kuitikia ndipo mahali pa kuvuta. Wavuvi wetu wa ziwa Tanganyika, wanaotoka usiku na taa kutafuta ndagala, hawahitaji kuelezwa jambo hili, kwani kwao pia makasia hufuata wimbo. Nyimbo za namna hiyo hazina mtungaji anayejulikana, na maneno yake si ya kanisani, twaweza kusema. Wimbo mmoja unaoitwa « Jean-François de Nantes » wasimulia baharia anayeshuka bandarini na mshahara wake, akaumaliza wote kwa anasa. Pierre Loti, afisa wa jeshi la bahari aliyeandika kitabu « Pêcheur d'Islande » mwaka 1886, awaonyesha wavuvi wake wakiuimba wimbo huo. Na katika chumba chao cha chini awaonyesha pia sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyofungwa ukutani. Twaona hapo alisema kweli: watu walewale, chumba kilekile, wimbo wa ulevi na sanamu ya Mama wa Mungu.

Kisha ziko nyimbo za kanisa. Kabla ya kusafiri, parokia yote ilifanya sikukuu yake, ambayo Wabretoni huiita pardon. Padri alibariki merikebu, watu walimchukua Bikira Maria kwa maandamano mpaka bandarini. Wimbo uliojulikana na watu wote wa bahari ni « Ave Maris Stella », yaani Salamu Nyota ya Bahari. Wazee wetu walioimba Kilatini wanaujua vema. Ni wimbo wa zamani sana, maana waonekana tayari katika vitabu vilivyoandikwa katika karne ya 9. Twapenda kuongeza hapa neno dogo. Wakadia, watu wa asili ya Kifaransa wanaokaa pwani ya Kanada na kuishi sana kwa uvuvi, walikutana mwaka 1884 katika kijiji cha Miscouche ili kuchagua bendera na wimbo wa taifa lao. Hawakutafuta wimbo wa vita, bali walichagua « Ave Maris Stella ».

Sasa tuje kwenye wimbo uliofanya jina la Paimpol lijulikane Ufaransa yote. Waitwa « La Paimpolaise », maana yake binti wa Paimpol. Mtungaji wake ni Théodore Botrel. Alizaliwa Dinan, katika Bretagne, mwaka 1868, lakini alihamia Paris tangu utoto. Mwaka 1895 alikuwa karani katika kampuni ya reli, na jioni aliimba katika vilabu vya mji. Tuni ya wimbo iliandikwa na Eugène Feautrier. Mwimbaji mashuhuri Félix Mayol aliuchukua, na baada ya muda mfupi kila mtu aliuimba, kuanzia wafanyakazi mpaka mabibi wa kitajiri.

Wimbo wasimulia kijana mvuvi anayeacha nchi yake na kwenda Islande. Katika baridi na hatari zote amfikiri binti anayemngoja. Mwishoni bahari yamwita. Yeye hapigani nayo, bali afanya ishara ya msalaba, aibusu medali yake, na azama akimkumbuka binti yule. Ni wimbo mzuri, twakiri. Tuni yake hushika masikio, na aliyeusikia mara moja ataurudia njiani.

Lakini Botrel alipoutunga hakuwa amefika Paimpol hata siku moja. Alitaja jabali la Paimpol, na watu wa Paimpol wajua kwamba mji wao hauna jabali. Una bandari ya matope, bahari inapokupwa. Jabali liliingia katika wimbo kwa sababu neno lake la Kifaransa, falaise, lalingana kwa sauti na Paimpolaise, basi! Kosa hilo si kubwa. Mshairi anaweza kusamehewa jabali moja. Tunaloliona zito zaidi ni kwamba katika wimbo kufa ni kwepesi mno. Mvuvi hujitoa, hufumba macho, na wasikilizaji wa Paris hutoa leso. Ndimi zilizohesabiwa, vidonda vya chumvi, mtoto aliyepigwa, mwenye merikebu aliyekaa bandarini akingoja samaki wake, hao hawamo. Mwenye kuusikia huhuzunika kidogo, kisha hurudi nyumbani na moyo mtulivu. Pengine ndiyo sababu ulipendwa hivyo.

Hatutaki kumhukumu Botrel kupita kiasi. Hakuidharau Bretagne, aliipenda. Baadaye alirudi kukaa huko, na mwaka 1905 alianzisha katika mji wa Pont-Aven sikukuu inayofanywa hata sasa. Alifia humo mwaka 1925. Kama tungemwuliza, pengine angejibu kwamba bila wimbo wake nani katika Paris angalitaja wavuvi wa Paimpol? Na jibu hilo lina haki yake. Tangu mwaka 1989 Paimpol hufanya, kila baada ya miaka miwili, mkutano mkubwa wa nyimbo za mabaharia, nao watu hutoka nchi nyingi kuja kusikiliza.

Lakini karibu na Paimpol kiko kijiji cha Ploubazlanec, na katika makaburi yake uko ukuta. Juu ya ukuta huo zimetundikwa mbao zenye majina ya merikebu na ya watu waliopotea baharini. Chini yake hakuna kaburi, kwa sababu hakuna mwili. Kati ya mwaka 1852 na mwaka 1935 zilipotea merikebu zipatazo 120 na watu wapatao 2000. Si mbali na hapo, juu ya kilima, uko msalaba unaoitwa Msalaba wa Wajane, mahali ambapo wanawake walisimama mwisho wa kiangazi na kutazama matanga yanayorudi. Kila mmoja alitafuta merikebu moja tu.

Je, watu hao hawakupata mtungaji wa kwao? Wabretoni wa kusini walimpata. Mbele ya bandari ya Lorient kiko kisiwa cha Groix. Kazi ya watu wake ilikuwa kuvua jodari, na hata juu ya mnara wa kanisa lao, pale ambapo parokia nyingine za Ufaransa huweka jogoo wa kuonyesha upepo, wao waliweka jodari. Huko alizaliwa mwaka 1888 Yann-Ber Kalloc'h, mtoto wa mvuvi. Alisoma katika seminari ndogo ya Sainte-Anne-d'Auray, kisha katika seminari kubwa ya Vannes. Mwaka 1902, kijana akiwa na umri wa miaka 14, baba yake alipotea baharini. Yeye mwenyewe alitaka sana upadre, lakini hakuweza kupewa, kwa sababu ya ugonjwa wa akili uliowapata ndugu zake, maana sheria ya Eklezia ya wakati ule ilikataza. Alikwenda vitani, akauawa na kombora mwezi wa nne, mwaka 1917, upande wa Saint-Quentin. Mashairi yake alikuwa amemwachia rafiki, naye aliyatoa katika kitabu mwaka 1921.

Moja la mashairi hayo ni « Me zo ganet e kreiz ar mor », yaani Nimezaliwa katikati ya bahari. Halikuandikwa kwa Kifaransa, bali kwa Kibretoni, lugha ya mama yake. Mtunzi wa muziki Jef Le Penven alilitia tuni, na Wabretoni huliimba hata leo. Humo hamna binti anayengoja pwani wala jabali la kupendeza. Mna nyumba ndogo, mama, na baba aliyeishi bila kujulikana na mtu, akafanya kazi kama mababu zake, bila mtu wa kuimba sifa zake. Kalloc'h hakuhitaji kuongeza kitu, kwa maana alikuwa akisimulia watu wa nyumba yake mwenyewe. Ukiusikia wimbo huo baada ya ule wa Botrel, huwezi kurudi nyumbani na moyo uleule. Miaka tisa baada ya kitabu chake kutoka, mwezi wa tisa, mwaka 1930, dhoruba ilizikuta merikebu za jodari za Groix na za bandari nyingine za Bretagne katika bahari kuu. Wavuvi zaidi ya 200 walikufa kwa siku mbili.

Bado kuna wimbo mmoja wa mwisho, usio katika kitabu chochote cha nyimbo za bahari. Katika kisiwa cha Ouessant, ambacho wanaume wake karibu wote walikuwa mabaharia, iliposikiwa habari kwamba mtu amezama mbali na mwili haukupatikana, jamaa mmoja mwenye umri alitumwa jioni kuwaarifu watu wa nyumba yake. Juu ya meza walitandika kitambaa cheupe, na juu yake waliweka msalaba mdogo wa nta, na mishumaa. Jirani walikuja, wakakesha usiku kucha na msalaba ule, wakisali kama wanavyokesha na maiti. Asubuhi padri alikuja kuuchukua, na watu walikwenda nyuma yake mpaka kanisani, wakaimba zaburi na nyimbo zote za mazishi, bila kupunguza hata moja. Kisha msalaba uliwekwa kanisani pamoja na misalaba ya wengine, na baada ya miaka, siku ya sherehe kubwa, yote ilipelekwa makaburini katika mnara mdogo uliojengwa kwa ajili yake.

Ibada hiyo waliiita proëlla. Ya mwisho ilifanywa mwaka 1962.