Upembuzi Yakinifu: Ripoti Inayoruhusiwa Kusema "Hapana"

Wakazi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, wameisikia istilahi hii miaka mingi, hasa barabara zinapozungumziwa bungeni: "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina". Usanifu huchora kitakachojengwa. Upembuzi huuliza kwanza kama kijengwe.

Kupembua ni kazi ya ungo: nafaka hutikiswa mpaka chenga na makapi yajitenge na punje nzima. Yakini ni uhakika usio na shaka. Katika ofisi, upembuzi yakinifu ni uchunguzi wa kujua kama mradi unawezekana kiufundi, utalipa, unaruhusiwa kisheria, na kama wahusika wanaumudu. Hapo ndipo unapotofautiana na mpango wa biashara, ambao hueleza namna ya kutekeleza jambo lililokwisha kuamuliwa.

Nachingwea inajua gharama ya kufanya upembuzi kwa haraka. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa takriban wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi wakaitazama kutoka angani. Wakapendekeza ekari 3,210,000 za karanga Afrika Mashariki na ya Kati, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa, Urambo na Nachingwea bila shamba la majaribio la kupima mvua, udongo na matrekta.

Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kutosha, hivyo vyote viwili vikajengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazijavunwa. Reli ilifika Nachingwea mwaka 1949. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango huo, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kama hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Korosho zikaleta somo la pili. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, na viwanda vya kubangua vikajengwa, kimoja kikiwa Nachingwea. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mashine zilikuwepo, malighafi haikuwepo.

Leo istilahi hiyo inasikika zaidi Ruangwa, kwenye madini ya kinywe, ambako wawekezaji hupima wingi wa mashapo, maji, umeme, soko na fidia kabla ya kuchimba.

Lakini upembuzi si wa kampuni kubwa peke yake. Bodi ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, inayotaka mashine ya kubangua korosho inauhitaji vilevile. Korosho ghafi zitapatikana kwa bei gani, wakati wanachama wanauza mnadani kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani? Fundi yuko wapi? Nani atanunua korosho zilizobanguliwa? Zipo njia mbadala, kama kukodi mashine kwa msimu mmoja au kuungana na AMCOS jirani? Hapo ndipo ubunifu unapoingia: kuziweka njia hizo mezani kabla ya mkopo kusainiwa.

Ripoti ya upembuzi isomwe kwenye mkutano mkuu, kwa Kiswahili, na mkataba wa mtaalamu anayeiandaa useme wazi kwamba atalipwa ada yake yote hata akipendekeza mradi usianze.